Kinachoziua amplifaya za gitaa si uzee

Na Mwandishi Wetu

AMPLIFAYA iko juu ya meza ya fundi, mgongo umefunguliwa. Ni ya vali, imekuja na kontena la mtumba kutoka Marekani, na ilizima Jumamosi usiku harusi ikiwa imepamba moto. Mpiga solo anasimulia kwa maneno machache: ilivuma, ikatoa harufu, ikazima. Wakaiwasha tena, ikazima moja kwa moja.

Fundi haanzi na vali. Anafungua kifuniko kidogo cha nyuma, anachomoa fyuzi na kuielekeza kwenye mwanga. Waya wa ndani ulishakatika kitambo. Nje, kioo kimezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imebanwa vizuri ncha hadi ncha.

Hapo fundi anatikisa kichwa. Kilichoanza kama ubovu wa vali moja huenda sasa ni transfoma iliyoungua. Fyuzi ilikata kwa sababu kulikuwa na hitilafu. Aliyeivika karatasi aliinyamazisha, na umeme ukaendelea kupita hadi ulipopata kitu kingine cha kuunguza.

Amplifaya za vali bado zinatafutwa na wapiga gitaa kwa sababu ya sauti yake, na zikitunzwa hudumu miongo mingi. Nyingi hufika mezani kwa fundi kwa sababu ya kubahatisha: volti isiyo yake, fyuzi isiyo yake, au rektifaya iliyochomekwa kwa kuwa tu iliingia kwenye soketi.

Rektifaya inafanya nini?

Vali, au tyubu kama wengine wanavyoiita, ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Mwaka 1904, mhandisi Mwingereza John Ambrose Fleming aliandikisha hataza ya vali yenye elektrodi mbili, iliyopitisha umeme upande mmoja tu. Rektifaya ya vali iliyomo ndani ya amplifaya ya gitaa inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Chukua mfano wa Fender Deluxe Reverb, amplifaya ya wati 22 hivi iliyoingia sokoni mwaka 1963. Transfoma yake hutoa volti 330 za AC kila upande. Rektifaya aina ya GZ34, ambayo Wamarekani huiita 5AR4, hugeuza umeme huo kuwa DC ya zaidi ya volti 400. Kapasita huuchuja, kisha unakwenda kwenye vali mbili za nguvu aina ya 6V6 zinazosukuma spika. Vali ndogo za mbele, 12AX7 na 12AT7, hushughulikia sauti inayotoka kwenye gitaa kabla haijafika huko.

Kwa hiyo kila sauti inayosikika imepitia mgongoni mwa rektifaya. Rektifaya ikidhoofika, amplifaya nzima inadhoofika. Ikipiga shoti, fyuzi inakata. Lakini kinyume chake nacho hutokea sana: kitu kingine kikipiga shoti mbele yake, rektifaya ndiyo inayobeba mzigo na kufa ya kwanza.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanakuta rektifaya imekufa, wananunua nyingine, inakufa vilevile ndani ya dakika chache. Muuzaji wa vali analaumiwa kwa kuuza bandia, kumbe aliyeiua yumo ndani ya boksi.

Kuingia si kufaa

Kuna rektifaya tatu zinazokutwa mara nyingi kwenye amplifaya za gitaa: 5Y3, GZ34 na 5U4GB. Zote zina kitako cha aina moja na zinaingia kwenye soketi ileile. Mahitaji yake yanatofautiana.

5Y3 hutumia ampia 2 kupasha moto waya wake wa ndani na hutoa hadi miliampia 125. GZ34 hutumia ampia 1.9 na hutoa hadi miliampia 250. 5U4GB hutumia ampia 3 na hutoa hadi miliampia 275.

Anayetoa 5Y3 na kuchomeka 5U4GB anaidai transfoma nusu zaidi ya umeme wa kupasha moto ulioandaliwa. Haitaungua siku hiyo. Itakuwa inachemka kila bendi inapopiga, hadi siku varnishi ya nyaya zake itakaposalimu amri.

Anayeweka GZ34 mahali pa 5Y3 analeta tatizo jingine. 5Y3 hupoteza volti 50 hivi ndani yake inapobeba mzigo wake kamili; GZ34 hupoteza chini ya 20. Volti zilizobaki zinahamia kwenye vali za nguvu na kapasita ambazo hazikutengenezewa kiwango hicho.

> Rektifaya tatu zinaingia kwenye soketi moja, lakini transfoma inajua tofauti yake.

Kosa la tatu ni la mafundi wenyewe. Ili kupunguza mvumo, kapasita ya kwanza baada ya rektifaya hubadilishwa kwa kubwa zaidi. Kwa GZ34, watengenezaji waliweka kikomo cha mikrofaradi 60. Ukiweka 100 au 220, kila unapowasha amplifaya rektifaya inalazimika kujaza pipa hilo kwa mkupuo, na cheche zinaanza kuruka ndani ya kioo.

Volti 120 katika nchi ya volti 230

Tatizo jingine linaanzia ukutani. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Amplifaya iliyouzwa Marekani imetengenezewa volti 120 na hezi 60. Iliyouzwa Japani inatarajia volti 100.

Ukichomeka amplifaya ya volti 120 kwenye 240, kila volti ndani yake inataka kuongezeka maradufu. Fyuzi sahihi itakata papo hapo, nawe umepona. Fyuzi iliyovikwa karatasi haitakata.

Wengi wanajua kutumia transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni hatua nzuri. Wasichojua ni kwamba kifaa hicho hushusha volti, hakibadilishi hezi. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee, ikifanya kazi kwenye hezi 50, chuma chake hubeba asilimia 20 zaidi ya sumaku na kuchemka kuliko kawaida. Kabla ya kununua amplifaya ya mtumba, soma maandishi ya nyuma: kama yanataja 50/60 pamoja, huna wasiwasi wa hezi. Kama yanataja 60 pekee, mwulize fundi kabla ya kutoa fedha.

Kisha kuna umeme unaokatika na kurudi. GZ34 hupata moto polepole, hivyo kwa kawaida volti kubwa hupanda taratibu baada ya kuwasha. Umeme ukikatika kwa sekunde kadhaa na kurudi, rektifaya bado ina moto lakini kapasita zimeshamwaga chaji yake kupitia vali ambazo bado zina moto. Mkupuo unakuja bila subira yoyote. Wanaopiga muziki mahali umeme unapoyumba wajizoeze jambo hili: ukikatika, zima swichi ya amplifaya, na ukirudi subiri dakika mbili tatu kabla ya kuiwasha tena.

Vali au dayodi?

Hapa pana ubishi wa miaka mingi kati ya wapiga gitaa na mafundi.

Wapiga gitaa wanaoitetea rektifaya ya vali wanaitetea kwa vidole. Ukicharaza nyuzi kwa nguvu, vali za nguvu zinadai umeme mwingi ghafla, rektifaya inashindwa kidogo, volti zinashuka, kisha zinapanda tena. Ni kama daladala iliyojaa inapokutana na mlima: inapunguza mwendo, inajikusanya, inaendelea. Masikioni, noti inaanza laini na kuvimba baadaye. Wapigaji wa blues na rock wamejenga mtindo mzima juu ya kuyumba huko.

Upande wa pili unasema dayodi ya silikoni ni rahisi, haipati moto, haihitaji umeme wa kuipasha na hupoteza volti moja hivi. Nao wana historia. Fender walitumia silikoni kwenye Twin Reverb tangu mwaka 1963. Marshall wa London, walioanza na amplifaya ya JTM45 iliyofuata muundo wa Fender Bassman na kutumia GZ34, walihamia silikoni katikati ya miaka ya 1960 walipotaka nguvu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Mesa/Boogie ya California ilijaribu kuwapatanisha. Amplifaya yake ya Dual Rectifier ilikuwa na swichi ya kuchagua vali au silikoni, na ikawa kipenzi cha bendi za muziki mzito.

Pande zote mbili zina ukweli, ila kila upande una jambo unalolificha. Mpigaji anayepiga kwa sauti ya chini, noti safi, hatasikia tofauti kubwa, kwa sababu umeme unaodaiwa haubadiliki sana. Anayelipia vali adimu kwa ajili ya mazoezi ya chumbani ananunua jina.

Naye fundi anayechomoa vali na kulehemu dayodi mbili za 1N4007 anajiamini kupita kiasi. Dayodi hiyo inavumilia volti 1,000 za kinyume. Kwenye transfoma ya volti 330 kila upande, volti za kinyume hufikia takriban 933. Umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 10, dayodi iko nje ya kiwango chake. Ndiyo maana mafundi makini huunga mbili mfululizo kila upande.

Hata zikivumilia, volti za ndani zinapanda. Kabla vali hazijapata moto, kapasita zinaweza kukuta volti 467, wakati nyingi za zamani zimeandikwa 450. Vali za nguvu nazo zinahitaji kurekebishiwa upya volti hasi, zile zinazozizuia kupitisha umeme kupita kiasi. Bila hivyo, dayodi ya bei ya chini itakuwa imemaliza jozi ya vali za bei ya juu.

> Kubadili rektifaya bila kupima volti baada yake ni kazi iliyoishia katikati.

Ipo njia ya kati ambayo wengi wanaikubali: iache vali ya rektifaya mahali pake, kisha unga dayodi mfululizo na kila anodi (sahani) yake. Vali ikipiga shoti siku moja, dayodi zinazuia AC isiingie kwenye kapasita. Sauti inabaki ileile, na transfoma inapata mlinzi.

Kumtafuta mhalifu kwa utaratibu

Kanuni ni kutenga sehemu moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa ukutani. Chombo cha kwanza ni balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 hadi 100, iliyoungwa mfululizo na amplifaya. Balbu za LED hazifai. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kisha kufifia, hali si mbaya, na hakuna kilichoungua wakati ukitafuta.

Utaratibu wa amplifaya yenye rektifaya ya vali ni huu (balbu ikiwa imeungwa, kubaki kwake na mwanga mkali ni sawa na fyuzi kukata):

1. Weka fyuzi mpya ya thamani iliyoandikwa nyuma. Chomoa rektifaya, washa. Fyuzi ikikata, hitilafu iko kabla ya rektifaya: transfoma ya umeme, nyaya za kupashia vali moto au waya wa kuingilia.

2. Isipokata, zima. Chomoa vali za nguvu, kisha weka rektifaya unayojua ni nzima. Ikikata sasa, tuhumu kapasita za kuchuja au transfoma ya spika.

3. Isipokata, zima tena na urudishe vali za nguvu moja baada ya nyingine. Inayorudisha tatizo ndiyo mtuhumiwa, au volti hasi zinazoilinda zimepotea.

4. Rektifaya ya zamani iliyotolewa isirudishwe hadi imepimwa. Ikiwa ndiyo pekee inayokata fyuzi, umepata jibu kwa gharama ya vali moja.

Spika iwe imeunganishwa wakati wote vali za nguvu zikiwamo. Amplifaya ya vali ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake ya spika.

Kwa amplifaya yenye dayodi, zima, hakikisha hakuna chaji, kisha pima kwa mita. Nzima husoma kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja, na haipitishi upande wa pili. Ikisoma sifuri pande zote mbili, imekufa.

Macho na masikio

Kabla ya mita, tazama. Juu au pembeni mwa kila vali kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo ni ya kutupa. Mng'ao wa buluu unaotanda kwenye ukuta wa kioo wa vali ya nguvu hauna madhara. Cheche nyeupe ndani ya rektifaya ni onyo la kuzima mara moja.

Sahani ya vali ya nguvu ikiwa nyekundu, zima upesi. Iache ipoe, kisha badilishana nafasi za vali mbili za nguvu. Wekundu ukihama na vali, vali ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, tatizo ni la saketi: mara nyingi ni kapasita inayovuja au volti hasi zisizofika. Kwenye Deluxe Reverb volti hizo ni hasi 35 hivi, na kapasita ndogo iliyokauka inatosha kuzipoteza.

Mvumo nao unasema. Rektifaya nzima kwenye umeme wa hezi 50 hutoa mvumo wa hezi 100. Mpiga gitaa hahitaji mashine kuutambua: noti ya freti ya tatu kwenye uzi wa sita, yaani G, ni hezi 98. Mvumo ukikaribia noti hiyo, angalia kapasita za kuchuja. Ukiwa chini yake kwa oktavu nzima, ni hezi 50: huenda nusu ya rektifaya imekufa, au tatizo ni waya wa ardhi au nyaya za kupashia moto. Sauti ikiwa pia imepungua na inalegea unapocharaza, nusu ya rektifaya ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mikwaruzo na kukatikakatika ni habari nyingine. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, hewa ya chumvi hula pini na soketi. Kabla ya kununua vali, safisha pini kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na ukaze soketi zilizolegea. Kisha gonga kila vali ndogo taratibu kwa kijiti cha mbao wakati imewashwa. Inayolia kama kengele kwenye spika ndiyo ya kubadilishwa.

Vali hazitoki kila mahali

Kubahatisha kumekuwa ghali zaidi kwa sababu watengenezaji wamebaki wachache. Kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, kilichosifika kwa GZ34, hakitengenezi tena. Vali nyingi mpya za gitaa zinatoka China, kiwanda cha JJ nchini Slovakia, na kiwanda cha Saratov nchini Urusi.

Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, mmiliki wa kiwanda cha Saratov, Mike Matthews wa New York, alitangaza kwamba Urusi imezuia vali kusafirishwa nje. Baadaye shehena zilianza kutoka tena, lakini bei zilikuwa zimepanda. Mpiga gitaa wa Afrika Mashariki, ambaye tayari analipia usafiri na ushuru, anaumia maradufu anapounguza vali mpya kwa sababu ya kapasita ambayo haikupimwa.

Kabla hujagusa bisibisi

Amplifaya iliyochomolewa ukutani bado inaweza kuua. Kapasita zake zinaweza kushikilia mamia ya volti muda mrefu baada ya kuzimwa. Fundi huzimwaga kwa rezista, si kwa bisibisi, kisha hupima hadi mita isome karibu na sifuri. Asiye na mita hana sababu ya kuweka mkono ndani.

Waya wa ardhi nao si pambo. Baadhi ya amplifaya za zamani za Marekani zilikuja na plagi ya pini mbili bila ardhi, na kapasita inayounganisha boksi la chuma na umeme wa ukutani. Kapasita hiyo ikipiga shoti, nyuzi za gitaa zina umeme, na mpigaji anayeimba huku akigusa maikrofoni kwa midomo ndiye anayekamilisha njia. Amplifaya ya namna hiyo iondolewe kapasita hiyo na iwekewe waya wa pini tatu kabla haijapanda jukwaani. Mwenye ukumbi naye ahakikishe kwamba ardhi ya soketi zake imeunganishwa kweli.

Kuhusu ubishi wa vali na dayodi, kila mmoja abaki na sikio lake. Rektifaya ya vali inastahili kubaki pale ilipowekwa na watengenezaji, na dayodi inastahili pale fundi amepima na kurekebisha yanayofuata. Kinachopaswa kukoma leo ni kukisia. Mwenye bendi, nunua fyuzi kumi za thamani sahihi uziweke kwenye mfuko wa gitaa; ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote jukwaani. Ikikata moja, badilisha mara moja tu. Ikikata ya pili, zima amplifaya na uipeleke kwa fundi.